Mteja Atakayerudi Alhamisi

Wanaorudi kutoka Roma husifia vitu visivyohusika. Husifia vitambaa vya meza vya miraba myekundu, mshumaa uliochomekwa mdomoni mwa chupa, ukuta wa matofali ulioachwa bila lipu, na mzee mwenye aproni aliyewaita marafiki kabla hawajaketi. Vyote hivyo vinanunulika. Mwenye mgahawa yeyote aliye hatua mia moja kutoka Fontana di Trevi anaweza kuwa navyo, hata kama tambi zake zilichemshwa asubuhi na mchana zinapashwa tu. Raha ya mgahawa mdogo wa Kiitaliano, ile inayomfanya mtu aliyekula hapo mara moja aisimulie kwa miaka, ina chanzo kikavu zaidi, cha kibiashara kabisa: mpishi anajua kwamba aliyekaa mezani leo atarudi wiki ijayo, na akilishwa vibaya atasema, tena kwa sauti, majirani wakisikia.

Nilikuja kuliamini hilo Testaccio. Mtaa huu uko kusini mwa Roma ya kale, pale mto Tiber unapokata kona, jirani na piramidi ya Caius Cestius na makaburi ya wasio Wakatoliki alikolazwa mshairi John Keats, na Antonio Gramsci pia. Hauna uzuri wa kupigia picha. Ni majengo marefu ya makazi ya wafanyakazi yaliyoanza kuinuliwa mwishoni mwa karne ya 19, kila jengo limezunguka ua wake wa ndani, nguo zimeanikwa madirishani. Kilima kilichoupa mtaa jina lake ni lundo la vigae. Ni vipande vya mitungi ya udongo iliyoleta mafuta ya zeituni Roma ya makaisari, mingi kutoka kusini mwa Hispania na mingine kutoka Afrika ya Kaskazini, ikavunjwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka mpaka ikafika kimo cha mita 35 hivi. Karne nyingi baadaye watu wakachimba mapango ubavuni mwa lundo hilo ili kuhifadhi mvinyo, maana hewa inayopita kati ya vigae ni ya baridi, na mapango hayo leo yamo ndani ya migahawa. Ukikaa Flavio al Velavevodetto unaviona vigae vyenyewe kupitia kioo ukutani, vimelaliana kama vilivyoachwa na vibarua wa miaka 1,800 iliyopita.

Ila kilichoufundisha mtaa huu kupika ni machinjio. Yalijengwa kati ya 1888 na 1891 kwa ramani za mbunifu Gioacchino Ersoch, na yakafanya kazi hadi 1975. Nyama nzuri ilitoka na mikokoteni kwenda kwa wenye uwezo wao. Wachinjaji na wachuna ngozi, ambao sehemu ya ujira wao ililipwa kwa vitu na si kwa fedha, walibaki na kile ambacho Warumi wanakiita robo ya tano. Simulizi ya mtaani inasema robo ya kwanza ya mnyama ilikuwa ya makabaila, ya pili ya mapadri, ya tatu ya matajiri wa mjini na ya nne ya askari. Mnyama amekwisha, na bado kuna watu wa kula. Basi wakala mkia, utumbo, maini, ubongo, kongosho na ulimi. Anayejua supu ya makongoro ya alfajiri karibu na machinjio ya Vingunguti hahitaji kuelezwa zaidi: palipo na machinjio pana sufuria, na palipo na sufuria pana mtu mwenye maneno mengi kuhusu namna inavyopaswa kuchemka.

Mbele ya lango la machinjio hayo upo mgahawa wa Checchino, uliofunguliwa 1887, ndio unaohesabiwa kuwa nyumbani kwa mkia wa ng'ombe wa mtindo wa wachinjaji, coda alla vaccinara. Mkia hukatwa pingili kwa pingili, hukaangwa, hupikwa taratibu kwa saa nyingi ndani ya nyanya, na seleri inaingia kwa wingi ambao mpishi wa kwetu angeuona ni ubadhirifu. Wengine humalizia kwa zabibu kavu, mbegu za msonobari na kakao kidogo chungu. Nyama inaachia mfupa yenyewe. Unaila kwa mikono na hakuna anayekutazama, na hapo ndipo kitambaa cha meza kinapata kazi yake halisi.

Kuna mlo mwingine wa hapo ambao historia yake inanifurahisha zaidi. Pajata ni utumbo mwembamba wa ndama anayenyonya, unaopikwa na maziwa yakiwa bado ndani. Moto ukiyafikia yanaganda na kuwa kama jibini laini, na vipande hivyo huchanganywa na nyanya juu ya tambi nene. Mwaka 2001, hofu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu ilipoikumba Ulaya, utumbo huo ukapigwa marufuku, na marufuku hayakuondolewa hadi 2015. Migahawa ikajikimu kwa utumbo wa kondoo wachanga. Miaka kumi na minne ni mingi kwa chakula. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa marufuku alikuwa ameshaingia sekondari yaliposimamishwa. Lakini pajata ya ndama iliporudi, ilirudi kwa watu waliokuwa wameisubiri, waliojua ilivyokuwa na walioweza kumwambia mpishi kijana kwamba hii bado haijafika. Hakuna kitabu cha mapishi kinachoweza kufanya kazi hiyo. Inafanywa na wazee wanaorudi.

Aliyenipeleka kula ni mzee mmoja wa Tanga, Mwislamu, mhasibu mstaafu wa FAO, aliyekaa Roma muda mrefu kiasi kwamba anagombana na madereva wa basi kwa Kirumi cha mitaani. Nilikuwa mjini kwa mkutano katika makao makuu ya shirika hilo, na jengo lenyewe lina kisa. Lilibuniwa enzi za Mussolini ili liwe wizara ya kuzitawala koloni za Italia barani Afrika, na mbele yake ulisimama mnara wa Axum uliochukuliwa Ethiopia, mpaka ulipong'olewa 2003 na kurudishwa kwao 2005. Wizara haikuwahi kupata muda wa kulifaidi. Vita ikawahi, dola ikaanguka, na leo saa za chakula cha mchana wanatoka humo Wahabeshi, Wakenya, Wasomali na Watanzania wakiulizana wakale wapi. Kwa mwendo wa miguu usio mrefu unakuwa Testaccio.

“Shikamoo mzee,” nilimwambia tulipokutana langoni, “unanipeleka kwenye mgahawa gani?”

“Marahaba. Nakupeleka kula. Jina la mgahawa litakusaidia nini?”

Basi nami silitaji. Ulikuwa na meza kama kumi na mbili, zimesongamana hivi kwamba ukitaka kunyanyuka inabidi jirani yako akubali. Taa zilikuwa nyeupe, kali, za kumfaa fundi saa. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la nyama na picha ya timu ya Roma iliyofifia. Timu hiyo ilicheza mtaani hapo, uwanja wa Campo Testaccio, kuanzia 1929 hadi 1940, na wenyeji wanaongelea kuondoka kwake kama msiba wa juzi. Mshumaa haukuwepo. Menyu pia haikuwepo, isipokuwa karatasi mlangoni iliyoandikwa kwa mkono na ambayo tayari ilikuwa imefutwa mistari miwili. Mama mwenye mgahawa alikuja, akamwita mzee wangu dottore (hana udaktari wowote, lakini Roma mtu wa makamo mwenye koti safi huupata bure), kisha akatuambia kilichopo. Mzee alipotaja kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yake, mama alimjibu kwa kuinua kidevu tu. Hakuna. Hakuomba radhi na hakutoa maelezo, na mzee hakutegemea kupewa.

Udogo wa namna hiyo una faida ambayo wengi hawaioni. Jiko la mpishi mmoja na msaidizi haliwezi kubeba vyakula sitini, kwa hiyo linabeba kumi, na kumi hivyo vinapikwa kila siku mpaka mkono unajua kabla ya kichwa. Hakuna friji kubwa ya kuficha makosa ya jana. Kinachonunuliwa asubuhi katika soko la mtaa, ambalo tangu 2012 limehamia jengo jipya ng'ambo ya barabara ya machinjio ya zamani, lazima kiishe usiku. Mistari iliyofutwa mlangoni ndiyo hesabu za nyumba hiyo, wala usiidhanie kuwa uzembe.

Mzee hali nyama ya mezani kwa wasio wa dini yake, nguruwe ndiyo kabisa, na mvinyo wa nyumba unaoletwa katika jagi dogo la kioo alinisukumia mimi. Mtu angedhani mkahawa wa Kirumi hauna la kumpa, kwa kuwa shavu la nguruwe lililokaushwa limo karibu katika kila sufuria. Lakini anakula vizuri kuliko mimi. Majira ya baridi kuna puntarelle, vichipukizi vya chikori vinavyochanwa na kulowekwa kwenye maji ya barafu mpaka vijikunje, kisha hukorogewa kitunguu saumu, siki na samaki wadogo wa chumvi. Kuna atichoki za mtindo wa Kiyahudi, zinazokaangwa kwenye mafuta mpaka zinafunguka kama ua na majani yanavunjika mdomoni. Hizo zilitoka kwenye Ghetto, mtaa ambamo Papa Paulo IV aliwafungia Wayahudi wa Roma mwaka 1555 na ambao kuta zake zilibomolewa 1848. Vizazi karibu kumi vya watu waliobanwa vikafanya mboga ya bei nafuu kuwa fahari ya jiji zima. Na kuna cacio e pepe, tambi za jibini na pilipili manga, ambazo mzee anazila kila anapokuja. Ubishi kuhusu kimeng'enya kinachogandishia jibini amewaachia wanazuoni.

Nisimame kidogo kwenye cacio e pepe, kwa sababu ni chakula cha vitu vitatu na bado wengi kinawashinda. Jibini ni Pecorino Romano, la maziwa ya kondoo, ambalo licha ya jina lake sehemu kubwa hutengenezwa kisiwani Sardinia. Ukilitupa tu kwenye tambi za moto linajikusanya na kuwa uzi na mabonge, unabaki na sahani ya mpira. Wapishi wa Roma huchemsha tambi kwa maji machache ili wanga uzidi, huyaacha maji hayo yapoe kidogo, huyachanganya na jibini lililokunwa laini kabisa, na huunganisha kila kitu nje ya moto huku wakitikisa sufuria. Kundi la wanafizikia wa Kiitaliano walilichunguza jambo hili kwa vipimo na kupata tuzo ya Ig Nobel ya fizikia ya 2025, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye: wanga ukiwa chini ya asilimia 1 ya uzito wa jibini, mchuzi unaganda, ukifika asilimia 2 hadi 3, unatulia. Mama wa ile nyumba nadhani hajawahi kulisoma andiko hilo. Vipimo vyake ni nyuso za watu wa meza ya dirishani.

Na ile pilipili manga tuliyokuwa tukiitafuna ina njia ndefu inayopita kwetu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaeleza safari za kununua pilipili pwani ya Malabar, na kitabu hichohicho kinaitaja Rhapta, bandari ya mwisho ya biashara katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Pepo za msimu ndizo zilizozibeba merikebu zote hizo, za huku na za kule. Pilipili ilikuwa na ghala lake maalumu katikati ya Roma, Horrea Piperataria, lililojengwa na Kaisari Domitian, na mabaki yake yapo chini ya Basilika ya Maxentius. Kwa hiyo mpishi anayeinyunyiza hovyo leo anatumia kitu ambacho zamani kiliwekewa bohari lake jirani na Baraza la mji.

Wiki ya mgahawa wa namna hii ina ratiba yake. Alhamisi ni gnocchi, vidonge vya viazi vinavyoshibisha, kwa kuwa Ijumaa Wakatoliki walifunga nyama na ilibidi mtu aingie kwenye mfungo tumbo likiwa limejaa. Ijumaa ni samaki, au dengu kwa asiyemudu samaki. Jumamosi ni utumbo, uliopikwa kwa nyanya, nanaa na jibini la kondoo, kwa sababu ng'ombe wa nyama ya Jumapili alikuwa amechinjwa na matumbo yake hayakuweza kungoja. Dini na machinjio ndivyo vilivyoipanga ratiba. Machinjio yamefungwa kwa nusu karne sasa, mabanda yake yamekuwa kumbi za sanaa na madarasa ya chuo kikuu cha Roma Tre, na wanaofunga Ijumaa wamepungua, lakini Alhamisi bado kuna gnocchi, kwa kuwa Alhamisi kuna watu wanaokuja kuzidai.

Sasa nenda upande wa pili wa jiji, kwenye vichochoro vya Pantheon. Pale mwenye mgahawa ana uhakika wa jambo moja: hatakuona tena. Wewe ukiondoka na hasira, nyuma yako kuna foleni. Hana sababu ya kukuheshimu isipokuwa malezi yake mwenyewe, na malezi ni mtaji unaopungua kodi ya pango inapopanda. Ndiyo maana menyu ni ya kurasa nyingi, kwa lugha nyingi, na picha ya kila sahani. Ndiyo maana kuna kijana aliyesimama mlangoni akikuvuta mkono. Jimbo la Lazio lilipiga marufuku mwaka 2006 ile tozo ya kukalia kiti inayoitwa coperto, na mara “mkate” ukaanza kuonekana kwenye bili za watu ambao hawakuagiza mkate. Mwenye kutunga sheria hawezi kuishinda hesabu ya mteja wa siku moja. Hata Papa Sixtus V, katika karne ya 16, alilazimika kuamuru mvinyo uuzwe kwenye vyombo vya kioo vya ujazo maalumu, kwa kuwa wauza mvinyo wa Roma walikuwa wakiwapunja watu ndani ya vyombo visivyopitisha nuru.

Hapa najua kuna watakaoniambia kwamba tofauti ni uasilia: huku mapishi ya kweli, kule ya bandia. Sikubaliani nao, na ushahidi ni carbonara. Leo Mrumi akisikia umetia krimu kwenye carbonara anaweza kukuvunjia urafiki. Mayai, shavu la nguruwe, pecorino, pilipili manga, basi. Lakini chakula hicho hakimo katika kitabu kikubwa cha Ada Boni kuhusu mapishi ya Roma kilichotoka karibu 1930. Kinaanza kusikika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Marekani yakiwa yameingia Roma na akiba zao za nyama ya nguruwe na mayai ya unga. Moja ya maelezo ya mwanzo kabisa yaliyochapishwa lilitoka Chicago mwaka 1952, na jarida La Cucina Italiana lilipoandika la kwake mwaka 1954 liliweka kitunguu saumu na jibini la gruyère la Uswisi. Mwanahistoria Alberto Grandi wa Chuo Kikuu cha Parma aliyasema haya hadharani mwaka 2023 na akatukanwa kana kwamba amenajisi kanisa.

Mimi nadhani amewapa sifa, ila hawakuisikia. Carbonara ya 1954 ilikuwa fujo. Ile ya leo ni safi kwa sababu katikati yake kuna miaka sabini ya watu waliokaa meza zilezile wakilalamika: punguza hiki, toa kile, jibini hili la wapi? Mapokeo ni malalamiko ya wateja wanaorudi, yaliyorundikana. Na tambi zenyewe hazikuota Roma. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger II wa Sicily, anaeleza kijiji cha Trabia, kisiwani humo, ambako tambi kavu zilitengenezwa kwa wingi na kusafirishwa kwa merikebu kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Katika kitabu hichohicho anazitaja Malindi na Mombasa. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayedhani tambi za nazi za Ramadhani ni binamu wa mbali wa tambi za Roma ana haki ya kuketi mezani bila kujidunisha.

Ushahidi mwingine uko jikoni. Mpishi wa nyumba niliyokula ametoka Bangladesh. Hilo halimshangazi mwenyeji yeyote wa Roma. Ukichungulia majiko ya jiji unaona Wabangladeshi, Wamisri, Watunisia, Wasri Lanka. Mwaka 2008 carbonara ya Antico Forno Roscioli, mojawapo ya zilizosifiwa sana na wakosoaji wa Kiitaliano, ilikuwa ikitoka mikononi mwa mpishi mzaliwa wa Tunisia. Mwaka uliofuata, mji wa Lucca huko Toscana ulipiga marufuku migahawa mipya ya vyakula vya kigeni katika eneo lake la kihistoria, eti kulinda utamaduni. Walikuwa wakilinda mlango wa mbele huku utamaduni wenyewe ukipikwa na waliopitia mlango wa nyuma. Mpishi wa Bangladesh aliyesemwa vibaya na wazee wa Testaccio kwa miaka kumi ni mpishi wa Kirumi kuliko mwana wa Roma anayepikia watalii wasiorudi.

Adui wa kweli hana pasipoti ya kigeni. Ni nyumba ya ghorofa ya tatu ambayo zamani alikaa fundi bomba na mkewe, walioshuka Alhamisi kula gnocchi, na ambayo sasa hupangishwa kwa siku mbili mbili. Mwishoni mwa 2024 wanaharakati wa Roma walivamia visanduku vya funguo vilivyotundikwa kwenye mageti, vile ambavyo mgeni hufungua kwa namba bila kuonana na mwenyeji, wakaviharibu na kuacha kofia za Robin Hood. Wengi walicheka. Mama wa mgahawa hakucheka. Kila kisanduku kinachotundikwa ni meza moja ya watu wa kudumu inayopotea. Mgeni wa siku mbili atakula, na atalipa vizuri, hakuna anayemlaumu. Lakini hatajua kwamba utumbo wa wiki iliyopita ulikuwa mzuri zaidi, na mpishi asiyeambiwa hivyo ataanza kulegea taratibu, hata bila nia mbaya.

Wanaotaka kuokoa migahawa hii wameshiriki kuimaliza, na hapo hatuwezi kumkwepa Carlo Petrini. McDonald's ilipofungua mlango karibu na Piazza di Spagna mwaka 1986, yeye na wenzake waliandamana, wakawagawia watu tambi, na kutokana na hasira hiyo likazaliwa vuguvugu la Slow Food lenye nembo ya konokono. Tangu 1990 wanatoa kitabu cha mwongozo, Osterie d'Italia, kinachotafuta sehemu ndogo za bei nafuu na mapishi ya mahali. Ni kitabu kizuri, ninacho. Kina kasoro moja isiyotibika: nyumba ya meza kumi na mbili ikiingia humo, meza nane zinachukuliwa na sisi wenye kitabu.

Ndiyo maana namwelewa marehemu Felice Trivelloni. Mgahawa wake wa hapo Testaccio ulianza 1936, na alisifika kwa kuweka kibao cha “imeshachukuliwa” juu ya kila meza, ukumbi ukiwa mtupu. Ukiingia, alikutazama. Akikupenda, meza ilikuwa imechukuliwa na wewe. Asipokupenda, pole, pamejaa. Watu waliita hiyo jeuri, na huenda ilikuwa jeuri kweli. Sidhani ningependa kuangaliwa hivyo mlangoni. Lakini alikuwa akifanya kwa mkono kazi ambayo mtaa ulikuwa umeshindwa kuifanya wenyewe, ya kubakiza viti kwa wanaorudi.

Mzee wa Tanga ana dawa yake kwa mgeni, na ameniruhusu niitoe. Kama una siku tatu Roma, usile sehemu sita. Tafuta moja iliyo mbali na chemchemi zote, ingia saa saba mchana wanapokula wafanyakazi, kula kilichopo, lipa, sema asante, na kesho yake rudi palepale. Siku ya kwanza wewe ni mpita njia. Siku ya pili unaulizwa jana ilikuwaje, na unapaswa kujibu kweli: kama chumvi ilizidi, sema chumvi ilizidi. Hawatanuna, watabishana nawe, ambalo ndilo ulilokuja kulitafuta. Bakshishi si lazima. Usiombe jibini juu ya samaki. Na ikiwa siku ya pili ni Jumamosi, agiza utumbo mapema kabla hujavua koti, kwa sababu ikifika saa nane wazee wa mtaa wanakuwa wameshaumaliza na mama atainua kidevu.